Wanajitenga, au Wanatafutana?

Wiki hii nikiwa Lodwar, karibu na steji ya magari ya Kakuma, kijana mmoja wa bodaboda alituzungushia simu yake kibandani. Video ilidai kuwa Wayahudi ndio wenye benki zote, vita vyote, hata bei ya petroli. Watu wakacheka, mandazi yakaendelea kuliwa. Nilimuuliza kama amewahi kukutana na Myahudi. "Wa nini, mzee?"

Jibu hilo limenikaa kooni, hasa kwa kuwa lilitoka kwenye barabara iendayo kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Tarehe 27 Oktoba 2018, mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh, Marekani, akaua waumini 11. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amelishutumu mtandaoni shirika la Kiyahudi la HIAS, kisa na maana linapokea wakimbizi. HIAS hiyohiyo ina ofisi Nairobi tangu 2002. Kwa muuaji yule, kosa la Wayahudi lilikuwa kuwafungulia mlango watu kama hawa majirani zetu wa kambini.

Nawafikiria zaidi wasichana wa Kiyahudi. Tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, wanafunzi wa Kiyahudi vyuoni Ulaya na Marekani wamesimulia wanavyoficha kidani chenye nyota ya Daudi ndani ya blauzi, na wanavyotakiwa kutoa kauli kuhusu Gaza kabla ya kukubaliwa kuwa marafiki. Utaniuliza: na watoto wa Gaza je? Nawalilia, na serikali ya Israeli ina mengi ya kujibu. Lakini binti wa Kiyahudi anayesomea uuguzi si waziri wa vita. Mturkana akiitwa ng'oroko, yaani jambazi, huko Kitale kwa sababu ya jina lake tu, tunawaka. Kwa nini hili tulimeze?

Basi mabinti hao hutafutana. Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, hula pamoja mahali ambapo hakuna anayewahoji. Hapo ndipo utasikia eti wanajitenga.

Lakini kutafutana si kwa Wayahudi tu. Mwaka 2002, Wabantu wa Somalia wapatao 12,000 waliletwa Kakuma kwa mabasi kutoka kambi ya Dadaab, wasubiri safari ya Marekani. Mababu zao walitekwa na kuuzwa utumwani. Baadhi yao hadi leo huzungumza Kizigua, lugha ya Handeni, Tanzania. Huko Somalia walidharauliwa kwa nywele zao na kwa nasaba yao. Dadaab, wanawake wao walivamiwa wakienda kutafuta kuni. Marekani ikawatawanya katika miji mingi, lakini wengi wakafunga virago wenyewe, wakahamia Lewiston, jimbo la Maine, waliko wenzao. Sijasikia mtu wa Turkana akiwalaumu kwa hilo.

Tena Wayahudi wenyewe hawako mbali nasi. Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, waumini wa dini aliyoishika Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku. Wengi wakabadili dini, waliobaki wakasali kwa kificho. Utawala wake ulipoanguka walikusanyika upya, wakajenga shule zinazopokea pia watoto wa Kiislamu na Kikristo. Mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa na majirani zao wa dini hizo mbili. Anayesema watu hao wanajitenga anieleze huo ushirika ulitoka wapi.