Kichocheo Kisafi, Ziwa la Nani?



Ndugu zangu, sisi tunaosoma kemia tumefundishwa kuwa kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kwisha. Siku hizi kinatakiwa pia kiwe kisafi, kikusanywe, kirudishwe kazini. Nakubali. Lakini swali langu linaanzia Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth.

Mgodi wa Kilembe ulichimba shaba tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mabaki yake, pairiti yenye kobalti, yalirundikwa Kasese. Hewa, maji na bakteria huigeuza pairiti kuwa asidi. Kila mvua iliposhuka, asidi hiyo ilitiririkia hifadhini, ikiacha ukanda wa ardhi isiyoota nyasi upande wa kuelekea ziwani. Mwaka 1999 kiwanda cha kobalti kikaanza kuwatumia bakteria wa aina hiyohiyo, safari hii ndani ya matangi. Wakala pairiti, kobalti ikatoka, asidi ikapozwa kwa mawe ya chokaa. Na bakteria huzaana wenyewe! Kichocheo gani kinarudi kazini kuliko hicho?

Je, huo ulikuwa wema? Kiwanda kilifuata faida, na faida halali si dhambi. Matendo hupimwa kwa nia, lakini nia haimlishi mvuvi. Kwake lililo muhimu ni rundo kupungua. Kinachonisumbua ni kwamba lilikaa miaka mingi hadi kobalti ikawa na soko. Kanuni ya fiqhi ni kuwa madhara huondolewa. Haikusema yangoje bei nzuri. Kama rundo lile lisingekuwa na kobalti, nani angeligusa?

Halafu kuna hili. Kobalti hutiwa katika vichocheo vinavyoondoa salfa kwenye mafuta ya magari, ili watu wa mijini wavute hewa safi. Mahali ilikochimbwa, salfa hubaki na wenyeji. Kiwandani kichocheo kinaitwa kisafi kwa sababu hesabu inaanzia getini.

Katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho nimeongeza safu moja kwenye jedwali: madini yametoka wapi, na maji ya huko yanaelekea kwa nani. Msimamizi wangu ameuliza kama hiyo ni kemia. Nimeiacha palepale.