Kilio cha Raheli Katika Nyumba Zetu



Kalenda ya Kanisa letu haituachi tukae na furaha ya Krismasi kwa muda mrefu. Tarehe 25 Desemba twaimba pamoja na malaika, na kesho yake twamkumbuka Mtakatifu Stefano, aliyepigwa mawe mpaka akafa. Tarehe 28 twawakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Wako wanaoona si vizuri kuchanganya sikukuu na damu namna hii. Mimi naona waliotangulia walijua walilofanya, maana ziko nyumba katika nchi yetu ambazo Krismasi yenyewe ndiyo siku yao ya msiba.

Hapa Iringa wazee wanakumbuka. Tarehe 25 Desemba 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi na mkulima aitwaye Said Mwamwindi, katika ugomvi wa shamba wakati vijiji vya ujamaa vilipokuwa vikianzishwa. Mwamwindi mwenyewe aliuchukua mwili kwa gari mpaka polisi mjini. Akashtakiwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Chuo cha Ualimu cha Kleruu kipo mpaka leo, na watu wangali wanabishana juu ya siasa ya mambo yale. Mabishano hayo siyaingii. Mimi nazifikiria nyumba mbili. Moja ilifiwa siku ya kuzaliwa kwa Bwana, na kila mwaka kengele za Krismasi huikumbusha. Ya pili ilimpoteza baba kwa kamba ya sheria, tena ikabaki na jina lake. Kwenda kuhani nyumba ile ya kwanza ni rahisi. Kwenda ya pili kwataka moyo.

Msiba wa kuuawa haufanani na msiba wa maradhi. Mgonjwa twamwuguza, twamgeuza kitandani, twasikia neno lake la mwisho. Aliyeuawa alitoka nyumbani akisema atarudi. Mwili wake si wa nduguze kwanza, bali ni wa polisi na daktari, na wafiwa husubiri nje na mikeka yao. Wakisha kuzika, huja kesi. Leo shahidi hakufika, leo imeahirishwa, njoo mwezi ujao. Kila wakiitwa, kidonda hufunguliwa upya.

Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari wa Channel Ten, aliuawa Jumapili tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, Wilaya ya Mufindi, akiwa kazini, polisi walipokuwa wakitawanya mkutano wa chama cha siasa. Alifia mkoa wa Iringa, akazikwa kwao Rungwe, mkoa wa Mbeya. Hukumu ilitoka Julai 2016: askari mmoja alionekana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Hesabuni, karibu miaka minne. Nauliza, matanga ya mjane na watoto katika hali kama hiyo yanaondolewa lini? Sisi kwa desturi twakunja mikeka baada ya siku chache, moto wa wanaume pale nje wazimika, masufuria yarudi kwa wenyewe, na twadhani kazi yetu imekwisha.

Tena tuangalie maneno yetu. Tukifika msibani twasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Kweli haina. Lakini kuua si kazi ya Mungu, ni kazi ya Kaini, na katika sura ya nne ya Mwanzo Mungu mwenyewe aisikia damu ya Habili ikilia kutoka ardhini, akamwuliza Kaini. Hakumwambia Adamu na Hawa kwamba amempenda Habili zaidi. Basi, tusimpe Mungu hatia ya mwuaji kwa sababu tu hatuna neno la kusema. Afadhali kukaa kimya na kupasua kuni.

Mtakatifu Mathayo, akieleza habari za Bethlehemu, anakumbusha habari za Raheli awaliliaye watoto wake, naye hataki kufarijiwa. Angalieni, hakuna mahali Maandiko yanapomkemea kwa kukataa faraja. Someni pia habari za Rispa, 2 Samweli sura ya 21. Wanawe walipouawa, alitandika gunia juu ya mwamba akawalinda na ndege na wanyama, tangu mavuno mpaka mvua iliponyesha. Hakuna aliyethubutu kumwinua pale. Habari zake zikamfikia Mfalme Daudi, naye akaizika mifupa yao kwa heshima. Kule Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977, kaburi lilichimbwa Namirembe lakini serikali ya Amin haikuutoa mwili. Ukapelekwa kuzikwa kijijini kwake Mucwini. Waumini walikuja wakasali, na kaburi liko wazi. Hawakungoja mambo yawe sawasawa ndipo waomboleze.

Na kusamehe je? Bwana ametuagiza, hatuwezi kulifuta. Lakini Stefano aliwaombea waliompiga kwa kinywa chake mwenyewe. Si jirani aliyemwombea huku akinywa chai. Msimhimize mjane asamehe siku ya tatu. Wala kusamehe si kuficha ushahidi, au kupokea ng'ombe wawili ili jambo limalizwe kinyumbani. Lililo hatari zaidi ni kwenda kwa mganga kupiga ramli. Uchungu hutaka jina, na mganga hutoa jina, mara nyingi la bibi kizee jirani asiye na mtu wa kumtetea. Hapo msiba mmoja huzaa wa pili.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Wazee wa kanisa, mfiwa akiitwa mahakamani, mmoja wenu afuatane naye, akae benchi lile lile, hata kama kesi itaahirishwa mara kumi. Akina mama wa Umoja, mkaitembelee nyumba hiyo mwezi wa tatu na wa sita, wakati wengine wamekwisha kusahau. Pelekeni unga au kibaba cha maharage, msipeleke hotuba. Nanyi mlio jirani na nyumba ya mshtakiwa, watoto wale hawakuua mtu. Wakija shule ya Jumapili, wakalishwe na wenzao.

Tarehe 28 Desemba, katika Ekaristi ya asubuhi, tutawataja kwa majina waliouawa katika jamaa zetu. Andikeni jina kwenye karatasi mkampe katekista. Asiyetaka jina lisomwe kwa sauti aikunje karatasi, nayo itawekwa juu ya madhabahu ikiwa imekunjwa. Na aliye na ndugu yake gerezani kwa kosa la kuua, naye alete karatasi yake.