Asiyekuwamo Orodhani

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hiyo nimeitumia mara nyingi mbele ya wanafunzi, hasa watoro. Siku hizi, katika uzee wangu, naiogopa. Na aliyenitia hofu hiyo ni mjukuu wangu anayesomea biokemia.

Nilimwuliza jinsi wanavyoitambua protini wasiyoweza kuiona kwa macho. Akanieleza kwamba protini ni mnyororo wa asidi amino, ambazo kwa kawaida ni za aina 20. Wataalamu huukata mnyororo huo kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho hukata mahali maalumu tu: baada ya laisini au ajinini. Vipande hivyo huingizwa katika spektrometa ya masi, ambayo ni mizani ya vitu vidogo mno. Mashine hupima kipande kizima, kisha hukivunja na kupima vibanzi vyake. Ndipo kompyuta hufungua orodha ya protini zinazojulikana, huzikata zote kwa hesabu kwa kanuni ile ile, hulinganisha uzito kwa uzito na kutoa alama. Yenye alama nyingi kuliko zote ndiyo hutajwa. Programu ya SEQUEST, iliyotangazwa mwaka 1994 na Jimmy Eng, Ashley McCormack na John Yates wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, ilifanya kazi kwa njia hiyo.

"Na kama protini yenyewe haimo katika orodha?" nikauliza.

"Kompyuta inaweza kutaja nyingine tu, Babu. Itachukua inayofanana nayo zaidi kati ya zilizomo."

Nilinyamaza. Nilikumbuka mwaka 1984.

Nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni. Sukari ilikuwa adimu, na usiku mmoja gunia zima likatoweka stoo. Mlango haukuvunjwa. Nje palikuwa na nyayo za kandambili kubwa. Nikaketi na rejista ya wanafunzi na kitabu cha adhabu, nikajiuliza: nani ana mguu mkubwa, nani amewahi kufanya kazi stoo, nani amewahi kuiba? Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa na sifa zote tatu. Alikana huku akilia. Nikapendekeza afukuzwe, naye akafukuzwa. Sikuwa na chuki naye. Niliamini nimefuata ushahidi, nikalala usingizi.

Miaka sita baadaye mtu mzima mmoja, aliyekuwa na ufunguo wa stoo, alikiri akiwa mgonjwa kitandani. Jina lake halikuwamo katika rejista yangu, maana rejista ilikuwa ya wanafunzi. Nilimtafuta mwizi mahali ambapo hakuwapo, na orodha ikanipa mwingine.

Je, mtu ana hatia kwa kosa alilolitenda kwa nia njema? Kwa muda mrefu nilijijibu kwamba hana, kwa kuwa binadamu hukosea. Mjukuu wangu, bila kujua, alinivunjia jibu hilo.

Alisema kwamba wataalamu wanajua kuwa kulinganisha kunaweza kuwadanganya, kwa hiyo hujitegea mtego. Huchukua mfuatano wa kila protini na kuugeuza, mwisho ukawa mwanzo, wakapata protini bandia. Bandia hizo huchanganywa na za kweli, na kompyuta huachwa ichague. Joshua Elias na Steven Gygi wa Harvard waliieleza njia hii kwa kirefu mwaka 2007. Ikiwa majibu 1,000 kutoka orodha ya kweli yamevuka kiwango, na bandia 10 nazo zimevuka, basi hukadiria kwamba katika yale 1,000 yapata 10 ni ya kubahatisha. Wengi hukubali asilimia 1, na huiandika wazi ili kila msomaji aijue.

Nami nikajaribu, baada ya miaka mingi. Usiku ule wa wizi vijana wetu kadhaa walikuwa wilaya nyingine kwa mashindano ya michezo. Nikawapitisha katika maswali yangu matatu. Mmoja wao alikuwa na mguu mkubwa, alikuwa akibeba maharage stoo, na niliwahi kumchapa kwa kuiba mapapai. Sifa zote tatu! Kipimo changu kingemtia hatiani kijana aliyekuwa amelala mbali sana na sukari yetu. Jaribio hilo lisingenitajia mwizi, lakini lingeniambia kwamba sijui. Saa moja tu ingetosha.

Kwa hiyo sijitetei tena kwa nia njema. Kukosea peke yake hakukuwa hatia yangu. Hatia ni kwamba nilikuwa na mamlaka juu ya mtoto wa watu, na sikujiuliza hata mara moja kipimo changu hukosea mara ngapi, wala kama niliyemtafuta angeweza kuwa nje ya daftari. Wataalamu hujiuliza hayo kwa ajili ya protini, ambayo haina mama wa kumlilia.

Baada ya mazungumzo yale nilifunga safari kwenda kumwona. Ni fundi seremala, ana wajukuu kama mimi. Alinikaribisha kitini, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Nimekusamehe, Mwalimu. Ila kidato cha nne sikukiona."