Kutakasa pasipo Kuharibu

Wako watu watunzao hela za shaba zilizopigwa Tabora mwaka 1916. Mtu akiisugua hela hiyo kwa mchanga na ndimu, itang'aa, lakini taji na maandiko yake yatakwaruzika, wala kilichofutwa hakirudi. Mwenye hekima huiosha kwa maji safi na sabuni kidogo, kisha huikausha kwa kitambaa laini pasipo kuisugua.

Nasi je, tumwonyapo ndugu aliyeanguka, twaondoa taka, au twamkwaruza kwa ukali mbele ya watu hata asirudi tena kanisani? Mtume Paulo atuagiza upole katika Wagalatia 6:1. Sura ya Mungu imo ndani yake, tusiifute sisi. Amina.