Usimpe Mtu

Mwaka jana apu niliyokuwa nikihifadhia mapishi ilianza kudai pesa kila mwezi. Ukishalipa kodi ya nyumba, ukanunua tokeni za stima na bando, mapishi ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti. Basi nikaamua kuhama. Jumapili moja jioni, nikiwa kitandani katika bedsita yangu hapa Baba Dogo, nilibonyeza palipoandikwa "toa data yako", nikasubiri dakika mbili tatu, na faili ikashuka kwenye simu. Resipe 123. Miaka sita ya kuwauliza watu "hii umeipikaje?" ilikuwa imeingia kwenye faili moja ndogo.

Apu mpya iliipokea bila maneno mengi. Majina ya vyakula yalifika, viungo vilifika, hatua za kupika zilifika. "Gorogoro 1 ya unga" ikageuka kuwa "1 unga", kwa sababu apu hiyo haijui gorogoro ni nini. Picha zilibaki nyuma. Na ile sehemu ya maelezo, ambako nilikuwa nikiandika mambo yangu chini ya kila resipe, haikufika kabisa. Sikujali. Niliona ni porojo tu, cha muhimu kimefika.

Wiki hiyo hiyo cuzo wangu anayekaa Lucky Summer akanitumia ujumbe. Amesimamishwa kazi kiwandani, anataka kuanza kuuza chai na mandazi. "Si unitumie zile resipe zako?" Nikamtumia faili nzima. Kuituma kulichukua muda mfupi kuliko kuandika "pole". Nililala nikijiona mtu mwema.

Siku mbili baadaye ndipo nikakumbuka. Resipe ya mandazi iliyo ndani ya faili ile si yangu. Ni ya mama mmoja anayeuza kando ya barabara yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mandazi. Wanaotoka shifti ya usiku viwandani hupitia kwake kabla ya kwenda kulala, na wanaoingia asubuhi hupitia kwake kabla ya kufika getini. Alijifunzia kupika Mombasa, kwa hivyo mandazi yake yana tui la nazi na iliki. Hilo si siri, utalisikia kwa pua ukiwa mbali. Lakini kuna kitu anaufanyia unga kabla haujaumuka ambacho sijaona mwingine akikifanya. Alinifundisha 2020, wakati kafyu ya korona ilikuwa imeiua biashara ya alfajiri na mimi sina kazi, nikawa namsaidia kubeba sufuria na maji. Alinionyesha kwa mikono yake, kisha akaniambia, "Hii usimpe mtu."

Nikaitikia. Na kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika kila kitu, niliyaandika maneno hayo hayo kwenye sehemu ya maelezo. Ile sehemu ambayo haikufika.

Nilijaribu kujitetea, na ukweli ni kwamba utetezi haukukosekana. Wa kwanza: resipe haina mwenyewe. Nani alivumbua mandazi? Hata sheria za hakimiliki kwa kawaida hulinda jinsi ulivyoandika jambo, si wazo lenyewe. Unga, sukari na hamira havina baba.

Wa pili: data ni yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya 2019, ina kifungu cha 38 kinachompa mtu haki ya kupewa data yake katika muundo ambao mashine inaweza kuusoma, na kuihamishia kwingine. Ni kama ile haki tuliyopata Aprili 2011 ya kuhama mtandao wa simu bila kuiacha namba yako. Nilifurahi sana kuijua haki hii, mpaka nilipokaa nayo. Kifungu kinazungumzia data inayonihusu mimi. Namba yangu ya simu inanihusu mimi. Je, mikono ya Mama Mandazi inanihusu mimi? Niliiandika mimi, kwenye simu yangu, kwa bando langu. Lakini nikikuandikia barua, nikataja ndani yake siri ya ndugu yako, siri haiwi yangu kwa sababu kalamu ni yangu.

Kuna sheria nyingine, ya 2016, inayolinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Hiyo inaangalia jamii: maarifa yanayorithishwa kizazi hadi kizazi. Ni jambo zuri, ila Mama Mandazi si jamii. Ni mtu mmoja mwenye jiko moja na sufuria mbili. Anaanguka katikati ya sheria hizo, na katikati hapo kilichokuwa kikimlinda ni kitu kimoja tu, neno nililompa.

Utetezi wa tatu ndio ulionisumbua: cuzo ana njaa. Nilipompigia na kumwomba asiitumie resipe ile, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo mimi nile ahadi yako?" Sikuwa na jibu. Ni rahisi kuheshimu siri za watu ukiwa na mshahara. Nilijiuliza kama uaminifu wangu kwa mmoja si uchoyo kwa mwingine.

Hapo nikaanza kuiangalia apu kwa jicho lingine. Tangu 2011, Google, Microsoft na Yahoo walipoanzisha Schema.org, kuna orodha ya pamoja ya vipengele vinavyosaidia kompyuta kutambua kwamba ukurasa fulani ni resipe: jina, viungo, hatua, muda wa kupika, inatosha watu wangapi, hata aliyeiandika ni nani. Apu nyingi za mapishi huenda kwa mpangilio kama huo. Ni mpangilio wa maana. Lakini kwenye apu yangu hakuna kipengele cha "nilipewa kwa sharti gani". Masharti ukiyaandika, unayatupa kwenye maelezo, na maelezo ndiyo huanguka njiani kwanza. Siilaumu mashine. Mashine ilibeba nilichokiita resipe. Mimi ndiye niliyeona sharti ni porojo.

Jumamosi alfajiri nilienda kwake. Nilinunua mandazi manne ambayo sikuyahitaji, nikasubiri wateja wapungue.

"Mama, kuna kitu nimekosa."

Nikamweleza yote, faili, apu, cuzo. Sidhani alijali habari za apu. Aligeuza mandazi kwenye mafuta, akauliza swali ambalo mimi, na sheria zangu zote, sikuwahi kulifikiria.

"Huyo nduguyo anauzia wapi?"

"Lucky Summer, Mama."

"Basi huko auze. Ana watoto?"

"Wawili."

"Auze. Lakini barabara hii asiniingilie." Akayatoa mandazi, akayaacha yachuje mafuta. "Na wewe, mbona hukuja kuniuliza kwanza? Ningekataa?"

Swali hilo ndilo nimerudi nalo nyumbani na bado ninalo. Nilidhani nimemwibia resipe, kumbe resipe angeitoa, tena kwa dakika moja, kwa mtu asiyemjua, kwa sababu ana watoto wawili. Nilichomnyima ni nafasi ya kuitoa yeye mwenyewe. Alijua kitu ambacho mimi sikukijua: siri yake haikuwa ya dunia nzima, ilikuwa ya kipande kile cha barabara kinacholipa kodi yake. "Usimpe mtu" ilikuwa na maana ya "njoo tuzungumze". Na cuzo pia nilimnyima kitu. Angekwenda kwake angepewa kwa mkono, angeonyeshwa unga unavyotakiwa kuwa laini, na leo angekuwa na mwalimu. Mimi nilimpa maandishi.

Siku hizi ni marafiki. Cuzo huja kwake Jumapili, na mandazi ya Lucky Summer yameanza kuwa mandazi kweli. Ile ya kwanza, ya kufuata faili, ilikuwa mawe.

Nami nimerudi kwenye resipe zangu 123, moja moja. Jina la aliyenipa na sharti lake sasa naviandika pale juu kabisa, kwenye jina la chakula, kwa sababu nimeona jina la chakula halipotei ukihama. "Mandazi ya Mama wa Barabarani, uliza kwanza." Inaonekana vibaya kwenye skrini ndogo, najua. Nimepiga simu kwa watu ambao sijaongea nao miaka mingi kuwauliza kama ile ya maharagwe ni yao na kama naruhusiwa kumpa mtu. Wengi wamecheka. Wawili wamekataa.

Zimebaki tisa ambazo sikumbuki nilipewa na nani. Zina ladha nzuri, na watu wameniomba. Bado sijampa mtu.