Jina Lililokuwa Chini ya Amina



Wiki tatu zilizopita tulipokea ujumbe kutoka Mwanza. Aliyeuandika ni mwalimu wa shule ya msingi, mama ambaye hatujawahi kumwona wala kusikia habari zake. Alitusalimu vizuri, akatupa pole ya baridi, kisha akaeleza kwamba ndugu yake aliyeko Kanada alimtumia tafakari kutoka ukurasa huu, ile ya Novemba inayohusu kufiwa. Alipoisoma aliyatambua maneno yake mwenyewe. Aliyaandika mwaka uliotangulia, majuma machache baada ya kumzika mtoto wake. Jina lake halikuwepo. Chini kulikuwa na jina la kanisa letu.

Ni kweli, tuliyachukua. Ilikuwa Ijumaa usiku, tumetoka zamu ya saa kumi na mbili, na karatasi ya Jumapili ilitakiwa iwe tayari asubuhi. Tukaikuta tafakari hiyo kwenye tovuti ya usharika mmoja wa huko nyumbani, tukainakili kuanzia kichwa cha habari hadi neno Amina. Jina la mwandishi lilikuwa chini ya Amina, pamoja na namba yake ya simu. Tena tuliona pale alipoandika "mwanangu" panafaa pasomeke "mtoto", ili kila mfiwa ajione humo. Tukabadilisha, tukalala.

Desemba ikasomwa kwenye msiba Etobicoke. Watu walilia. Baada ya ibada tulishikwa mikono na kushukuriwa, nasi tukajibu "utukufu kwa Bwana", jibu ambalo lina faida ya kutosema ni nani aliyeandika.

Tulipoleta ujumbe wa mama huyu kwenye kikao, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema kwamba neno la Mungu halina hakimiliki: tumepewa bure, tutoe bure. Mwingine akasema hatukupata hata senti. Mwingine akauliza, kwa haki kabisa, wageni kama sisi tupate wapi maandishi ya Kiswahili ya kusoma Jumapili kama si kwa wenzetu? Hoja hizi si za kupuuzwa. Kila kanisa la Waswahili ughaibuni limeishi kwa kuazima: nyimbo, mahubiri, hata matangazo ya arusi. (Methali ya nguo ya kuazima mnaijua, hatutaimalizia humu.)

Ila sisi tunaoandaa ukurasa huu, siku za juma ni wauguzi, na kazi hiyo imetufundisha jambo moja kuhusu jina. Dawa aliyotoa mwenzako huiwekei sahihi yako kwenye faili la mgonjwa, hata kama ulikuwa chumba hicho hicho, hata kama mwenzako hajali. Sahihi ile haitafuti sifa. Inaeleza nani alikuwa kando ya kitanda, na nani aulizwe mambo yakiharibika. Ndiyo maana hoja ya mzee wetu haikututosha. Neno la Mungu ni la Mungu, sawa. Lakini tafakari ile ilikuwa ushuhuda wa mama aliyesimama kaburini, na ushuhuda bila shahidi ni maneno tu. Tulipoondoa jina na neno "mwanangu", tulijifanya sisi ndio tuliokuwa pale.

Sheria nayo ina lake la kusema, na kesi yake kubwa ilianzia hapa hapa mjini. Mnaopita Queen Street West mnaliona lile jengo la Osgoode Hall lenye uzio wa chuma. Ndani yake kuna Maktaba Kuu ya chama cha wanasheria wa Ontario, iliyokuwa ikiwatolea wanasheria nakala za hukumu na makala kila walipoomba. Mwaka 1993 wachapishaji wa vitabu vya sheria wakakishtaki chama hicho. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Kanada, na Machi 2004 majaji wote kwa pamoja waliamua kwamba maktaba haikukosea. Walisema kutumia kazi ya mtu kwa haki si huruma anayofanyiwa msomaji, ni haki yake, na haifai kubanwa mno.

Tulipofika hapo mwenzetu mmoja alipiga makofi. Subiri, ndugu. Majaji hao hao walieleza namna ya kupima. Kwanza, shughuli iwe mojawapo ya zile zilizotajwa na sheria, kama utafiti, kujisomea, kuhakiki au kutoa habari. Mwaka 2012 Bunge liliongeza elimu, kejeli na dhihaka. Ndipo huangaliwa lengo, namna kazi ilivyosambazwa, kiasi kilichochukuliwa, kama kulikuwa na njia nyingine, aina ya kazi yenyewe, na madhara kwa mwenyewe. Maktaba ilimpa mwanasheria mmoja nakala moja ya kitu alichohitaji kwa utafiti. Sisi tulichukua tafakari nzima tukaiweka mbele ya dunia ili kujaza ukurasa. Njia nyingine ilikuwepo, tena rahisi: namba ya simu ilikuwa pale chini. Mtu anaweza kubishana kwamba mafundisho ya kanisa ni elimu, na labda apite mlango wa kwanza, lakini hatuoni atapitaje hiyo iliyobaki.

Kuna waliofikiri kwamba maandishi ya Mwanza hayalindwi Toronto, au kwamba bila ile alama ya herufi ndani ya duara hakuna mwenyewe. Sivyo. Kanada na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, Tanzania tangu 1994, na chini ya mkataba huo kazi hulindwa tangu inapoandikwa, bila usajili wala alama. Sheria ya Kanada pia humpa mwandishi haki mbili ambazo hata akiuza kazi yake hubaki kwake: kutajwa jina, na kazi yake isipotoshwe kwa namna inayomvunjia heshima. Hatujui hakimu angesemaje juu ya neno moja lililobadilishwa. Tunajua mama yake alisemaje.

Kwaya msiogope. Sheria inaruhusu kanisa kuimba na kupiga muziki hadharani kwa ajili ya ibada bila kudaiwa malipo. Lakini ruhusa hiyo ni ya kuimba. Kunakili maneno ya wimbo kwenye karatasi au skrini, na kurusha ibada mtandaoni, ni mambo mengine yanayohitaji ruhusa yake. Tena "wimbo wa zamani" si lazima uwe wa zamani kisheria: tangu mwisho wa 2022 haki hapa hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 70 baada ya kufa kwake, na mfasiri naye ana haki yake juu ya tafsiri.

Na tuseme lingine linalotuuma. Mwaka 2018 simu zetu zilijaa hasira juu ya Disney kusajili "Hakuna Matata" kama alama yake ya biashara. Alama ya biashara si hakimiliki, ila hasira ilikuwa ile ile: wamechukua chetu. Wengi wetu tulitia sahihi. Tulisimulia pia habari za Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, wimbo ukazunguka dunia nzima, naye akafa maskini mwaka 1962. Warithi wake walifikia mapatano mwaka 2006 tu. Tulihuzunika kweli. Haikutupitia akilini kwamba tajiri mwenye kondoo wengi, yule wa kisa cha nabii Nathani, anaweza pia kuwa kanisa dogo lililopanga ukumbi wa shule, likiwa na kompyuta na Ijumaa yenye uchovu.

Tulimwandikia mama yule, tukamwomba radhi bila kumweleza habari za zamu, maana yeye pia anafanya kazi. Tukasema tuko tayari kuiondoa. Alijibu kesho yake: tuiache, tuweke jina lake, na turudishe neno "mwanangu". Malipo hakuomba. Tumefanya hivyo, na tangu sasa kitakachotoka kwa mwingine kitasubiri jibu lake, hata kama Jumapili hiyo karatasi itatoka na matangazo matupu.

Ilibaki familia ya Etobicoke, ambayo bado ina karatasi ya msiba yenye maneno yale na jina letu. Tuliwapigia simu Jumanne. Mama mfiwa alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza mtoto wa yule mama wa Mwanza aliitwa nani, apate kumtaja katika maombi.

Hatukuwa tumeuliza. Tumemwandikia tena jana.