Gari Linalotii, Gari Linalosema

Je, ni haki mtu kuamrisha kitu asichokisikia? Swali hili tumezoea kuliuliza juu ya wafalme na mabosi. Mimi, ndugu msomaji, naliuliza juu ya usukani wa gari. Usicheke kwanza. Vijana wangapi hapa Nairobi wanaota Subaru Impreza ya turbo, jina lililoshinda Safari Rally mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae? Na wakishaipata wanataka nini? Iitike! Ukigusa, igeuke! Wachache mno huuliza kama inasema nao.

Kuitika na kusema ni mambo mawili. Usukani huitika gari linapofuata mkono wako bila kuchelewa. Usukani husema barabara inapokurudishia habari: hapa pana changarawe, hapa pana maji, hapa tairi limeshika, hapa linaanza kuachia. La kwanza ni amri, la pili ni jibu. Na mtu anaweza kununua la kwanza asipate la pili. Mwaka 1970 Citroën walitoa gari liitwalo SM, lenye usukani mwepesi na mkali ajabu. Kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia ni mizunguko miwili tu. Lakini uzito aliousikia dereva ulitengenezwa na mtambo wa mafuta ya presha, ukaongezeka kadiri mwendo ulivyoongezeka. Haukutoka kwenye tairi. Gari lilitii, barabara ikanyamaza. Mwaka 2013 Infiniti wakaja na Q50 ya usukani wa umeme ambao, katika hali ya kawaida, hauna chuma kinachounganisha mkono na tairi. Unachokisikia kiganjani kimechaguliwa na kompyuta.

Sasa, tairi husemaje? Likikata kona, mpira wake hupindika pale unapogusa lami, na mpindiko huo hutaka kuurudisha usukani katikati. Ndiyo sababu usukani huwa mzito kwenye kona. Sikiliza maajabu: tairi likikaribia mwisho wa nguvu zake za kushika, uzito ule huanza kupungua kabla halijaachia. Yaani onyo haliji kwa kelele, linakuja kwa wepesi. Mkono unapumzika saa ile ile ambayo moyo ungepaswa kushtuka. Jambo hili limeninyima usingizi, mazee. Ni mara ngapi binadamu huona mambo yamekuwa rahisi ghafla, akashukuru Mungu, kumbe ndiyo anateleza?

Hebu fikiria mteremko wa kwenda Mai Mahiu, malori mbele, malori nyuma, watu kandokando ya barabara. Dereva wa gari lisilosema akiteleza akamgonga mtu, atalia kwamba hakujua. Sawa. Lakini kama kutojua kwake alikununua mwenyewe kwa pesa zake, ili mikono isichoke, je, huo bado ni udhuru? Mimi naona sivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wazee, na barabarani guu linalovunjika mara nyingi ni la mwingine.

Mtu atasema: basi lifanye gari lote gumu, yaishe. Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu kweli. Impreza yangu ni ya zamani, na kila Jumapili Mama huketi kiti cha kushoto. Mama ana mgongo mbaya. Fundi mmoja kule Grogan aliniambia, "Kijana wangu, tutoe bushi zote za raba tuweke zile ngumu. Utakanyaga sarafu ujue ni ya shilingi ngapi." Alitia chumvi, lakini neno lake lilikuwa na ukweli. Kazi ya raba ni kumeza mitetemo. Ukiitoa, mitetemo hupita. Ila Mama hashiki usukani. Kijiwe ambacho kwangu ni habari, kwake ni rungu la mgongo. Ukweli humfaa yule anayeweza kuufanyia kitu. Kwa asiye na la kufanya, mara nyingine ni maumivu matupu. Nina haki gani kununua usikivu wangu kwa mgongo wa Mama?

Nikamwambia, "Mzee, twende polepole." Kwanza tuliondoa uongo: tairodi endi na boli jointi zilizolegea, maana usukani wenye mchezo hautii wala hausemi. Pili, tairi nne za aina moja, upepo kwa kipimo cha kiwanda. Tatu, alaimenti. Mhimili ambao tairi la mbele huzungukia ukalazwa nyuma kidogo, kadiri gari linavyoruhusu, ili usukani urudi katikati wenyewe. Fundi alitaka pia kuzitazamisha nje tairi za mbele ili gari liruke kuingia kona. Nikakataa: gari la hivyo hutangatanga kwenye barabara iliyonyooka na hula tairi. Mwisho, bushi ngumu zikawekwa pale tu reki ya usukani inapofungwa kwenye bodi. Za mikono ya magurudumu zikabaki raba. Habari ipite njia ya usukani, inijie mimi.

Fundi akacheka. "Wewe unataka kila kitu." La, kuna nilichokiacha. Gari la rafiki yangu huingia kona kwa ukali kuliko langu, na vijana wa mtaa hawachoki kunikumbusha. Sawa tu. Anayeshika usukani ameshika pia maisha ya waliokaa naye na ya wanaovuka mbele yake. Kodi ya chini kabisa ya amri hiyo ni kusikia, na kodi hiyo ailipe mwenyewe, asimtoze abiria.

Hayo ni yangu. Wewe mwenzangu, kwenye chombo chochote unachokiongoza, mara ya mwisho kilikuambia nini?